Usiache Mbachao: Mapigano ya Zamu na ya Papo kwa Papo Katika Michezo ya Video

Najua jarida letu huwa na mashairi, vitendawili na makala ya kutuonya juu ya dawa za kulevya. Basi mkiona nimeandika kuhusu michezo ya video, huenda mkasema, "Huyu naye ameishiwa na mada!" La, sijaishiwa. Nisomeni hadi mwisho, kisha mnihukumu.

Nilipokuwa darasa la sita nilianguka kutoka juu ya mpera, nikavunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini kidole gumba na cha shahada havijawahi kukunjika vizuri tena. Kuandika naandika, ijapokuwa polepole, na kufua nafua. Lakini mtaani kwetu kuna kibanda cha michezo ya video ambapo vijana hulipa wacheze kandanda kwenye runinga. Pale ndipo mkono wangu uliponitia aibu. Kabla sijabonyeza kitufe, mpira umekwisha kunyakuliwa. Nilifungwa mabao saba, siku nyingine tisa. Kijana mmoja akasema mbele ya watu wote, "Wewe na huo mkono, ngoja tukuletee drafti!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nikaweka padi chini, nikaenda zangu.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilikwenda Nakuru kwa shangazi. Binamu yangu anasoma chuo kikuu, naye ana kompyuta ya kupakata. Akanionyesha mchezo ambao, kwa mara ya kwanza, haukuniharakisha. Uliningoja. Nilifikiri, nikachagua, nikabonyeza, na hakuna aliyeninyang'anya kitu. Nikamwuliza, "Kaka, mbona huko mtaani hakuna michezo kama hii?" Akanijibu, "Hiyo ni mitindo ya zamani. Ilikufa, ikazikwa, sasa imefufuka." Maneno hayo yalinikaa kichwani. Mchezo hufaje? Tena hufufukaje? Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane. Michezo ninayoizungumzia siyo ile ya kandanda au ya kukimbiza magari. Ni michezo ya kuigiza wahusika. Mchezaji huchukua nafasi ya mtu fulani katika hadithi ndefu: askari, mchawi, mwizi au mwana wa mfalme. Husafiri, huzungumza na watu, hununua silaha, na kila akishinda vita huongezewa nguvu. Hadithi moja yaweza kumchukua saa hamsini au zaidi. Sehemu kubwa ya saa hizo ni mapigano. Mapigano yakichosha, basi mchezo wote umeharibika.

Mapigano hayo yana mitindo miwili mikuu. Mtindo wa kwanza ni wa zamu. Huu ni kama bao au drafti tunayocheza kwa vifuniko vya soda. Unapiga, kisha unatulia mwenzako apige. Mtindo wa pili ni wa papo kwa papo. Huu ni kama ndondi: adui hakungoji hata kidogo, na ukizubaa umepigwa. Historia ya michezo hii ni historia ya mitindo hii miwili kupokezana kiti.

Asili yake haikuwa kwenye kompyuta, bali mezani. Mwaka wa 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu waliketi kuizunguka meza wakiwa na karatasi, kalamu na dadu. Mmoja alisimulia hadithi, wengine wakasema wahusika wao wafanye nini. Vita vilipozuka, kila mtu alitupa dadu kwa zamu yake. Haingewezekana vingine, kwa kuwa watu watano hawawezi kutupa dadu na kusema wote kwa pamoja wakaelewana. Kwa hivyo zamu ilizaliwa na meza yenyewe.

Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani huko Marekani, watu walitaka kuitia meza ile ndani ya mashine. Mwaka wa 1981 ulitokea mchezo wa Wizardry, ambamo mchezaji aliongoza kikosi cha watu sita gizani chini ya ardhi. Mwaka huo huo ukatokea Ultima. Michezo hii ilivuka bahari ikafika Japani, ikampendeza kijana mmoja aitwaye Yuji Horii. Yeye akaona kuwa ni mizuri lakini ni migumu kwa mtu wa kawaida. Ndipo akabuni Dragon Quest, uliotolewa mwaka wa 1986 kwa mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo.

Hebu fikirini: mchezo mzima wa Dragon Quest, pamoja na picha, muziki na hadithi yake, ulienea katika kilobaiti 64. Picha moja tu inayopigwa kwa simu ya siku hizi huzidi hapo mara nyingi. Katika nafasi finyu namna hiyo, mapigano yalikuwa hivi: zimwi moja linatokea mbele yako, halafu unaletewa orodha fupi ya kuchagua. Piga, roga, tumia kifaa, au kimbia. Basi. Mwaka wa 1987 Hironobu Sakaguchi wa kampuni ya Square akafuata na Final Fantasy, safari hii mashujaa wanne wakiwa wamejipanga upande mmoja na maadui upande wa pili. Kwa miaka mingi huo ndio uliokuwa uso wa michezo ya Kijapani ya aina hii.

Msidhani papo kwa papo haukuwako. Mwaka ule ule wa 1986 Nintendo ilitoa The Legend of Zelda, ambamo mchezaji alipunga upanga kwa mkono wake mwenyewe bila kungoja zamu. Mitindo yote miwili ilikuwa hai. Lakini aliyetaka hadithi ndefu na kikosi cha watu wengi aliipata zaidi kwenye zamu, kwa sababu mashine za wakati huo hazikuweza kubeba mengi kwa pamoja.

Hata hivyo, watu walianza kunung'unika kuwa zamu inapoa kama uji uliosahauliwa mezani. Hiroyuki Ito wa kampuni ya Square akapata dawa. Inasemekana alikuwa akitazama mashindano ya magari ya Formula One, akaona jinsi magari yanavyopitana kwa kuwa mwendo wao haulingani. Akajiuliza, je, wapiganaji nao wakiwa na mwendo tofauti? Katika Final Fantasy IV ya mwaka wa 1991, kila mhusika alikuwa na saa yake ya siri. Ikijaa, zamu yake imefika. Mwepesi hupata zamu mara nyingi, mzito mara chache. Na ukikaa ukijikuna kichwa, adui hakusubiri. Saa yake nayo inajaa. Huo ulikuwa mtoto wa mitindo miwili, zamu yenye haraka ndani yake. Mwaka wa 1997, Final Fantasy VII iliupeleka mtindo huo duniani kote kupitia mashine ya PlayStation.

Sasa tuvuke tena hadi Marekani, kwa sababu huko ndiko zamu ilikopigwa pigo kubwa. Huko California kijana aitwaye David Brevik alikuwa akitengeneza mchezo wa Diablo. Yeye alitaka uwe wa zamu, na akaupigania. Kampuni ya Blizzard iliyougharamia ikataka uwe wa papo kwa papo. Brevik amesimulia mwenyewe kwamba wenzake walipiga kura, naye akashindwa. Basi akaketi alasiri moja akabadilisha hesabu za mchezo ili zamu zipite haraka sana zenyewe. Alipobonyeza, shujaa wake akaenda moja kwa moja, akampiga kiunzi cha mifupa, kikasambaratika. Papo hapo akajua kuwa wenzake walikuwa na haki. Diablo ulitoka mwaka wa 1996 ulipokuwa ukimalizika, ukapendwa mno, na wengi wakauiga.

Nilipenda sana habari hiyo, ingawa ni habari ya upande wangu kushindwa. Aliyeshindwa hoja alikubali kujaribu la wenzake, na alipoona ni zuri hakuona haya kulisema. Ni wangapi kati yetu katika midahalo ya Jumatano huweza kufanya hivyo?

Wakanada nao wa kampuni ya BioWare walijaribu suluhu nyingine katika Baldur's Gate, mwaka wa 1998. Vita viliendelea vyenyewe bila kungoja, lakini mchezaji aliweza kubonyeza kitufe kimoja na dunia yote ikasimama kama sanamu. Akatoa amri kwa kila askari, kisha akaiachilia. Chini kwa chini hesabu zilikuwa zile zile za mezani, kila raundi ikichukua sekunde sita. Wengi waliona kwamba wamepata yote mawili, wengine wakasema ni fujo tupu.

Baada ya hapo mambo yakabadilika kwa kasi. Mashine zilipata nguvu, picha zikawa kama sinema, na swali likaanza kuulizwa: ikiwa naweza kuuona upanga waziwazi hivi, kwa nini nisiupunge mwenyewe? Zamani orodha ya kuchagua ilikuwa njia ya kuficha unyonge wa mashine. Sasa ikaonekana kama kongoja analotumia mtu aliyekwisha kupona. Aidha, zamu ilikuwa na makosa yake, na lazima niyaseme. Mazimwi yalikurukia kila hatua chache hata ukasahau ulikokuwa ukienda. Katika Final Fantasy VII kuna uchawi mmoja ambao ukiutumia hukaa ukiutazama kwa zaidi ya dakika moja. Mara ya kwanza unashangilia. Mara ya kumi unakwenda kuchota maji.

Basi mmoja baada ya mwingine wakahama. Fallout ulikuwa wa zamu mwaka wa 1997, lakini Fallout 3 ya mwaka wa 2008 ikawa ya kulenga na kupiga, ikibakiza tu njia ya kusimamisha wakati. Skyrim ya mwaka wa 2011 ikawafundisha mamilioni kwamba mchezo wa kuigiza ni kupunga upanga kwa mkono wako. Mjapani Hidetaka Miyazaki akatoa Demon's Souls mwaka wa 2009 na Dark Souls mwaka wa 2011, michezo migumu kama mtihani wa hesabu, ambamo kila pigo hula pumzi yako na pumzi ikiisha umekwisha. Hata Final Fantasy yenyewe, iliyolelewa na zamu, iligeuka. Ya 15 ya mwaka wa 2016 ikawa ya papo kwa papo, na ya 16 ya mwaka wa 2023 ikazidi. Kwenye magazeti ya michezo watu wakaandika kwamba zamu ni ya wazee.

Lakini wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kuna dalili ambayo wangaliiona mapema. Mwishoni mwa 2006 ilitangazwa kuwa Dragon Quest IX itakuwa ya papo kwa papo. Wapenzi wake huko Japani wakapiga kelele. Mchezo ulipotoka mwaka wa 2009, orodha ya amri ilikuwa imerudishwa. Pokémon nayo, iliyoanza mwaka wa 1996, ilidumu na zamu katika mfululizo wake mkuu miaka yote hiyo huku watoto wa dunia nzima wakiicheza. Zamu haikufa. Ilikuwa imeondolewa tu kwenye viti vya mbele.

Walioirudisha mbele ni watu wasiotarajiwa. Kampuni ya Larian, ya mjini Ghent nchini Ubelgiji, haikuwa kubwa. Mwaka wa 2013 iliwaomba watu wa kawaida wachange kupitia intaneti, kama harambee zetu, ikapata zaidi ya dola laki tisa. Ikatoa Divinity: Original Sin mwaka wa 2014. Huu ndio mchezo alionionyesha binamu yangu.

Acheni niwaeleze pigano langu moja, ili muone kwa nini zamu hii haikuwa ile ya kuchosha ya zamani. Katika mchezo huu maji, moto, mafuta na umeme hufanya kazi kama katika somo la fizikia. Maadui wanne walikuwa mbele yangu. Zamu ya kwanza niliteremsha mvua, ardhi ikawa na vidimbwi. Zamu ya pili nikarusha radi kwenye maji. Wote wakakaukiana, hoi! Nikaruka kwa furaha. Kisha nikatazama vizuri: askari wangu mwenyewe alikuwa amesimama katika kidimbwi hicho hicho, naye amekauka kama wao. Binamu yangu akacheka hadi akashika mbavu. Pigano hilo lilichukua karibu nusu saa. "Hivi hii ni vita au ni mkutano wa wazee?" akauliza. Nikamwambia, "Kaka, ni mkutano, lakini mimi ndiye mwenyekiti." Nilishinda. Vidole vyangu havikuulizwa lolote.

Baada ya hapo ushahidi ukazidi. Persona 5 ya mwaka wa 2016 ilionyesha kuwa zamu yaweza kuwa na mbwembwe na muziki wa kukutoa kitini. Mfululizo wa Yakuza, uliosifika kwa ngumi na mateke ya mitaani, ulitoa video ya mzaha Siku ya Wajinga mwaka wa 2019 ikionyesha mapigano ya zamu. Watu wakaipenda. Kumbe mzaha umetumbua usaha! Mwaka wa 2020 mchezo wa Yakuza: Like a Dragon ukatoka ukiwa wa zamu kwelikweli. Halafu mwaka wa 2023 Larian wakatoa Baldur's Gate 3. Waliuondoa ule mtindo wa kusimamisha dunia wakarudisha zamu za mezani, dadu na yote. Wengine walilalamika, lakini mchezo huo ulitwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwenye sherehe ya The Game Awards. Mwaka uliotangulia tuzo hiyo hiyo ilikuwa imekwenda kwa Elden Ring ya Miyazaki, mchezo wa papo kwa papo. Na mwaka wa 2025 ikachukuliwa na Clair Obscur: Expedition 33, uliotengenezwa na kikundi kidogo cha Wafaransa wa Montpellier. Huo ni wa zamu, ila adui anapokupiga lazima ubonyeze kwa wakati barabara ili ukwepe au ukinge pigo. Jambo hilo nalo si geni kabisa, kwani Super Mario RPG ilikuwa na mbinu inayofanana nalo mwaka wa 1996.

Sasa, kwa nini mitindo hii inapanda na kushuka? Kwa maoni yangu kuna sababu tatu. Ya kwanza ni mashine. Mashine dhaifu ililazimisha zamu, na mashine yenye nguvu ikafungua njia ya papo kwa papo. Sababu ya pili ni kwamba watu huchoka. Kila kampuni ikiiga mtindo mmoja, mwenye kuleta tofauti huonekana mpya hata kama kitu chenyewe ni cha zamani. Ya tatu, ambayo naiona ni kubwa kuliko zote, ni kwamba mitindo hii hutuuliza maswali tofauti. Papo kwa papo huuliza: mkono wako na jicho lako vinaelewana? Zamu huuliza: umeona nini ambacho adui hajakiona? Mashine inaweza kubadilika itakavyo, lakini binadamu wenye kupenda swali la kwanza na wenye kupenda la pili watazaliwa siku zote. Ndiyo maana hakuna mtindo unaoweza kuuzika mwenzake.

Sikusudii kusema kuwa zamu ni bora. Nimemwona binamu yangu akipambana na zimwi moja la Dark Souls jioni tatu mfululizo, na alipoliangusha machozi yalimlengalenga. Furaha ile ni ya haki, naye aliitolea jasho. Ninachopinga ni ule usemi kwamba kitu kikiwa cha polepole basi ni cha wazee au cha wasiojiweza. Mimi niliambiwa niletewe drafti kana kwamba drafti ni tusi. Mnajua wenyewe jinsi wazee wa bao wanavyoweza kuona mbele hatua nyingi kabla hawajatia mkono kwenye kete. Huo nao ni wepesi, ila uko kichwani.

Desemba binamu yangu alitutembelea na kompyuta yake. Nikamwita yule kijana wa kibandani, nikampa kikosi changu, maadui wanne mbele yake, mvua ikinyesha. Akabonyeza haraka haraka kama alivyozoea, akafa. Akarudia, akafa tena. Mara ya tatu aliondoa mkono kwenye kitufe, akaegemea nyuma, akatazama skrini kimya kwa muda mrefu. "Hii kitu ni ngumu, bwana," akasema. "Wewe ulifanyaje?" Nikavuta kiti, tukaketi wawili tukifikiri. Bado hunifunga mabao saba kwenye kandanda, na sina kinyongo naye.

Wenzangu, mitindo itakuja na kupita, katika michezo, katika mavazi na hata katika lugha tunayoitetea chamani humu. Tusiwe wepesi wa kutupa cha jana kwa kuwa leo kimeletwa kingine. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na ukimwona mwenzako anakwenda kwa mwendo wake, usimcheke, kwani kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kwaherini, tuonane katika jarida lijalo.